Kipande cha pini kilichobaki tunduni

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo usiku, nami nilikuwa katikati ya mahojiano ya tatu kati ya kumi na mawili niliyopewa kunukuu, pale mdogo wangu alipopita nyuma ya kiti changu akiwa amebeba ndoo ya maji na waya wa hedifoni ukamnasa gotini. Kompyuta haikuanguka. Ilisogea kidogo tu juu ya meza, ikasikika sauti kavu kama ya njiti ya kiberiti inayovunjwa, na mzee wa Lushoto aliyekuwa akieleza jinsi wakulima wa mboga wa kijijini kwao wanavyogawana zamu za maji ya mfereji akakatizwa katikati ya neno. Niliuokota waya sakafuni nikaona kwamba pini yake imekatika: nusu ya nyuma ilikuwa mkononi mwangu, na nusu ya mbele, ile yenye ncha, ilikuwa imebaki ndani ya tundu la kompyuta.

Nilidhani kwamba hasara yangu ni hedifoni tu, ambazo nilizinunua barabarani kwa bei ya chakula cha mchana, na kwamba kwa usiku ule ningeweza kusikiliza kwa spika za kompyuta yenyewe. Nilibonyeza kitufe cha kuendelea kucheza, mstari wa sauti ukaanza kusonga kwenye kioo, na chumba kikabaki kimya kabisa. Nikaongeza sauti hadi mwisho, hakuna kitu. Pembeni mwa kioo, ile alama ndogo inayoonyesha sauti inakoelekea bado ilikuwa na picha ya hedifoni, kana kwamba nilikuwa nimezivaa. Ndipo nilipoelewa kwamba kompyuta haina namna ya kujua kama kuna sikio upande wa pili wa waya. Inachojua ni kwamba ndani ya tundu kuna swichi ndogo, kwa kawaida bamba jembamba la chuma linalosukumwa na pini inapoingia, na swichi hiyo ikishasukumwa, spika zinazimwa na sauti inapelekwa tunduni. Kipande kile kilichobaki ndani, ingawa kilikuwa hakina waya wala mwenyewe, kilikuwa bado kinaisukuma swichi ile.

Niseme kwa nini jambo hili dogo lilinikosesha usingizi. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno, na ninaifanya nyumbani, Tabata, katika nyumba yenye watu watano na majirani wenye redio. Bila hedifoni siwezi kutofautisha “walilima” na “walirima” ya mzee mwenye lafudhi, wala kusikia minong'ono ya mtu wa pili anayeingilia mazungumzo kwa mbali. Tena mahojiano hayo huwa ni siri ya watu walioyatoa, kwa hiyo hata kuyapiga kwa spika huku wageni wanapita sebuleni hairuhusiwi katika makubaliano ninayotia saini. Nilikuwa na siku tisa za kumaliza.

Kosa la kwanza nililifanya ndani ya dakika tano. Nilichukua kibano cha kutolea nywele za nyusi, nikamulika tundu kwa tochi ya simu, nikajaribu kukamata kile kiduara cha shaba kilichokuwa kikimetameta ndani. Sikukikamata, na sasa najua kwamba nisingeweza kukikamata hata kama ningejaribu mpaka asubuhi, kwa sababu tundu lile lina upana wa milimita 3.5 na pini yenyewe ina upana huohuo wa milimita 3.5, maana yake ni kwamba kipande kilikuwa kimelijaza tundu lote na hapakuwa na nafasi pembeni ya kupitisha miguu ya kibano. Kila nilipojaribu, miguu ile ilikuwa inagota juu ya kipande na kukisukuma. Nilipoona kwamba kile kiduara kinazidi kuwa mbali na mwanga, nilikiweka kibano chini na kumwambia mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, aende akalale.

Usiku ule badala ya kulala niliitazama ile nusu iliyobaki mkononi, na naamini kwamba kuitazama kule ndiko kulikoniokoa baadaye. Pini ya hedifoni huonekana kama kijiti kimoja cha chuma, lakini sivyo ilivyo. Ni mirija ya shaba iliyopachikwa mmoja ndani ya mwingine, na kati ya mrija na mrija kuna plastiki ya kuzuia umeme usivuke. Ile mistari myeusi inayoonekana kwa nje ni kingo za plastiki hiyo. Pini yenye mistari miwili ina sehemu tatu: ncha hubeba sauti ya sikio la kushoto, pete inayofuata hubeba ya sikio la kulia, na sehemu ya nyuma ni ya umeme kurudi. Pini yenye mistari mitatu, kama ilivyokuwa yangu, ina sehemu ya nne kwa ajili ya kipaza sauti. Kinachoshika ncha isichomoke ni msumari mwembamba wa shaba unaopita katikati ya mirija yote mpaka nyuma. Kwa kuwa upana wa nje haubadiliki, kila sehemu inayoongezwa inapunguza unene wa mirija na msumari ule wa kati, na ndiyo sababu pini ya sehemu nne, hasa ile ya bei rahisi, hukatika mapema kuliko ya sehemu tatu. Hukatikia kwenye mstari mweusi, mahali ambapo pana plastiki nyingi na chuma kidogo.

Yangu ilikatikia kwenye mstari wa pili. Niliipima kwa rula ya shule: katika pini nzima ya milimita 14 hivi, mkononi nilikuwa na nusu, kwa hiyo ndani kulikuwa na milimita 7 za ncha na pete ya kwanza, na kutoka mdomo wa tundu hadi kwenye kipande kulikuwa na milimita 7 za nafasi tupu. Jambo lingine nililoliona ni umbo la ncha yenyewe, ambalo nililitazama kwenye hedifoni nyingine za simu. Mwisho wa ncha kuna kichwa cha mviringo, na nyuma ya kichwa hicho kuna shingo iliyobonyea. Pini inapoingizwa mpaka mwisho, kijiko cha chuma chenye unyumbufu kilichomo tunduni huruka juu ya kichwa na kutua shingoni, na hiyo ndiyo “tik” tunayoisikia na kuihisi vidoleni. Kwa maneno mengine, kipande hakikuwa kimelala tu mle ndani kikisubiri kudokolewa. Kilikuwa kimeshikwa shingoni, na chochote ambacho kingekitoa kingehitaji nguvu ya kumshinda yule aliyekishika, nguvu ileile ambayo kwa kawaida tunaitumia bila kufikiri tunapochomoa waya.

Kutokana na hilo peke yake, mashauri mengi niliyopewa kesho yake yalijifuta yenyewe. Kugeuza kompyuta na kuipigapiga mgongoni hakuwezi kumshinda yule kijiko. Kunyonya kwa mdomo, ambako jirani mmoja aliapa kwamba aliwahi kufanikiwa, vilevile. Sumaku ndiyo iliyopendekezwa na watu wengi zaidi, na inavutia kwa sababu haigusi kitu, lakini pini hizi hutengenezwa kwa shaba na kupakwa nikeli au dhahabu kwa juu, na shaba haivutwi na sumaku. Nikeli huvutwa, ila tabaka lake ni jembamba mno. Niliijaribu kwenye nusu iliyokuwa mkononi, kwa sumaku niliyoichomoa kwenye spika iliyoharibika, na nusu ile haikujali. Sindano ya kushonea nayo nikaiacha, kwani mle ndani kuna vijiko vinne au zaidi vya chuma chembamba, na kuchokonoa gizani ni kuvipinda kimoja baada ya kingine.

Nilicheka kidogo nilipokumbuka kwamba mwaka 2016, Apple walipotoa iPhone 7 bila tundu la hedifoni, nilikuwa miongoni mwa waliolalamika kwa sauti. Tundu hili lina ukoo mrefu. Pini kubwa ya milimita 6.35 ilitumiwa na waunganishaji wa simu katika karne ya 19, wale waliokuwa wakikaa mbele ya ubao wenye matundu na kuhamisha nyaya kwa mkono kila mteja alipopiga, na mdogo wake wa milimita 3.5 alienea kwa redio ndogo za transista na baadaye kwa Walkman ya Sony ya mwaka 1979, ambayo ilikuwa na matundu mawili ili watu wawili wasikilize pamoja. Kitu kilichodumu muda wote huo bila kubadilika umbo hakiwezi kuwa kibovu. Hata hivyo Jumatano ile, nikiwa nimeinamia kompyuta na tochi, nilimwelewa yule aliyeamua kuliondoa.

Alasiri nilikwenda Kariakoo. Fundi ninayemwamini ana meza yake ndani ya duka la watu watatu, na kabla hujamaliza kueleza shida yako huwa ameshaigeuza mashine upande unaotakiwa. Aliweka lenzi jichoni, akamulika, akaguna.

“Dada, umeshachokonoa?”

“Kwa kibano, fundi. Mara moja.”

“Mara moja,” alirudia, bila kuniamini, kisha akanieleza njia zake mbili. Ya kwanza ni kufungua mashine na kutazama mgongo wa tundu: kuna matundu ambayo kwa nyuma yana uwazi mdogo, na hapo kipande husukumwa kutoka nyuma kwa sindano butu kikatoka chenyewe. Ya pili, ikiwa mgongo umezibwa, ni kulitoa tundu zima na kuweka jingine, na hapo itategemea limefungwa wapi. Katika kompyuta nyingine tundu la hedifoni liko kwenye bodi ndogo ya pembeni inayounganishwa kwa mkanda, na kubadilisha bodi hiyo nzima ni kazi ya dakika chache. Katika nyingine limelehemiwa kwenye bodi kuu yenyewe, na kuliondoa ni kuipasha moto sehemu ambayo ndani yake kuna vitu vingine vingi visivyopenda moto. Yangu, alisema, anavyoifahamu, ni ya aina hii ya pili. Bei aliyoitaja haikuwa ya kuonea, lakini ilikaribia nusu ya ujira wa kazi ile niliyokuwa nayo, na alitaka aachiwe mashine mpaka Ijumaa.

Bei ningeivumilia. Kilichonishinda ni kuiacha kompyuta yenye sauti za watu dukani kwa siku mbili, juu ya meza inayopitiwa na kila mtu. Nilimwambia hivyo, naye hakukasirika. Alinipa shauri ambalo nadhani linapaswa kuwa la kwanza kwa kila anayepatwa na jambo hili: ninunue kadi ndogo ya sauti ya USB, kile kidude kinachofanana na flashi lakini kina tundu la hedifoni mwishoni, nikichomeke, na niendelee na kazi. Kidude hicho hakipiti kabisa katika tundu lililoharibika. Kompyuta hukiona kama kifaa kingine cha sauti, na unachotakiwa kufanya ni kukichagua kwenye mipangilio. Hedifoni za Bluetooth nazo hufanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Niliuliza habari ya gundi, kwani mdogo wangu alikuwa ameitaja asubuhi.

“Gundi watu wanaweza,” alisema fundi akirudisha lenzi mfukoni. “Lakini ukija kwangu na gundi humo ndani, bei inapanda. Hapo sitoi pini tena, natoa tope.”

Kadi ile niliinunua mtaa wa Aggrey nikiwa njiani kurudi, na usiku huohuo mzee wa Lushoto alimalizia sentensi yake. Ningeweza kuishia hapo. Rafiki yangu anayetumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, alinionyesha hata namna ya kuwasha spika huku kipande kikiwa bado kimo ndani, kwa kuzima kipengele kinachoitwa Auto-Mute katika programu ya alsamixer, kwa sababu uamuzi wa kuzima spika, katika kompyuta nyingi, hufanywa na programu baada ya kuipokea taarifa ya swichi, na programu inaweza kuambiwa iipuuze. Lakini kompyuta yangu ina matundu mawili tu ya USB, na moja hukaliwa na kanyagio la mguu ninalolitumia kusimamisha na kurudisha sauti nyuma nikiwa nachapa. Kadi ikichukua la pili, sina pa kuchomeka flashi ya mteja wala kipanya. Zaidi ya hayo, na hili nalikiri, kila nilipolipitia tundu lile kwa jicho niliona kile kiduara cha shaba kikinitazama.

Faida kubwa ya kadi ya USB ilikuwa kwamba iliniondolea haraka. Nilikuwa na muda wa kufanya majaribio nje ya kompyuta kabla ya kugusa kompyuta yenyewe, jambo ambalo Jumanne usiku nisingelifanya.

Nilianza na mrija wa kalamu. Njia hii inajulikana sana na kwa baadhi ya watu inafaa kweli: unachukua mrija wa wino wa kalamu ya kawaida ya Bic, ambao kwa nje unapita katika tundu la hedifoni bila kubana, unaukata mwisho wake uwe sawa, unauingiza mpaka ukutane na kipande, na ikiwa pini ilikatika kwa namna iliyoacha ule msumari wa kati umechomoza, mrija huuvaa msumari kama kofia na kuuvuta. Wengine huupasha mrija moto kwanza ili ulainike, ushike, kisha upoe ukiwa umeng'ang'ania. Nilijaribu bila moto, kwa mrija mkavu niliokuwa nimeuosha wino wote kwa spiriti, nikaurudia mara tano, na kila mara ulitoka mtupu. Nilipotazama vizuri kwa tochi niliona sababu: msumari wangu ulikuwa umekatika sawasawa na plastiki, haukuchomoza hata kidogo, na mrija haukuwa na cha kuvaa. Moto sikuutaka. Kuta za tundu lenyewe ni za plastiki, na mtu anayeingiza plastiki ya moto ndani ya plastiki anatakiwa awe na bahati kuliko niliyonayo.

Ikabaki gundi, ile ya supagluu inayouzwa katika kichupa kidogo dukani kwa Mangi. Mdogo wangu alikuja na wazo ambalo kwa mara ya kwanza lilinivutia sana: tuchukue nusu ileile iliyokatika, tuipake gundi usoni, tuirudishe tunduni igusane na mwenzake, maana nyuso zao zinalingana kwa kila jino. Nilikaribia kukubali. Kisha nikakumbuka kwamba nusu ile nayo ina upana wa milimita 3.5, na tone lolote litakalobanwa kati ya nyuso mbili halina pa kwenda ila pembeni, kwenye kuta na kwenye vijiko, ambako gundi hii nyepesi hutambaa yenyewe katika kila upenyo mwembamba hata bila kusukumwa. Kijiti cha meno kina upana wa kama milimita 2. Ukikisimamisha katikati, kinabakiza nafasi pembeni, na tone likizidi linabaki juu ya kipande au linarudi kijitini.

Basi nusu ya pini ikapewa kazi nyingine, ya kufanyiwa mazoezi. Nilikata ncha kali ya kijiti cha meno kwa wembe ili mwisho wake uwe bapa, nikaisimamisha nusu ya pini katika kipande cha sabuni, uso uliokatika ukiwa juu, nikaanza kugandisha na kung'oa. Kijiti cha kwanza nilikichovya moja kwa moja katika gundi, kikatoka na tone kubwa ambalo lilitiririka pembeni ya pini mpaka kwenye sabuni. Hilo lingekuwa ndani ya kompyuta, ningekuwa njiani kwenda kwa fundi na tope langu. Cha pili nilikigusisha gundi, kisha nikakigusisha karatasi mara mbili ili kibaki na unyevu tu, usiozidi kichwa cha pini ya kushonea, na hapo gundi haikuvuka ukingo. Ilishika ndani ya nusu dakika, kwani gundi hii hukaushwa na unyevunyevu wa hewa, na hewa ya Dar es Salaam mwezi Aprili haina upungufu wa kitu hicho. Lakini nilipovuta mapema iliachia, na nilipongoja saa kadhaa kijiti kilivunjika kabla ya gundi kuachia. Mdogo wangu alitaka kutumia kijiti chenye pamba cha masikioni kwa kuwa ni kinene zaidi. Nilimkataza, maana supagluu ikikutana na pamba hupata joto kali la ghafla, na inaweza hata kutoa moshi.

Jumamosi mchana, watu wakiwa wametoka, nilizima kompyuta kabisa, nikachomoa chaja, nikaisimamisha kwa ubavu kati ya marundo mawili ya vitabu, mdomo wa tundu ukiwa umeelekea chini nje ya ukingo wa meza. Mimi nilikaa sakafuni. Mkao huo unamchekesha anayekuona lakini una maana yake: kijiti kinaingia kutoka chini kwenda juu, na gundi ikizidi, uzito wake unaishusha kwenye kijiti badala ya kuipeleka kwa vijiko. Niliingiza kijiti nikiwa nimekiwekea alama ya kalamu kwenye milimita 7, ili nijue kimefika bila kusukuma, nikakishikilia kwa hesabu ya mia moja na ishirini, kisha nikakifunga kwa utepe wa gundi kwenye mwili wa kompyuta na kwenda kupika.

Nilipokivuta jioni, kijiti kilitoka peke yake. Mwishoni mwake kulikuwa na gamba la gundi jembamba na juu ya gamba uchafu wa kijivu, vumbi na nyuzi za nguo, ambazo kwa hakika ziliingia tunduni mwaka mzima kutoka katika begi langu. Gundi ilikuwa imeushika uchafu, haikuishika shaba. Sikuwa nimesafisha. Nilichukua kijiti kingine, nikafunga mwisho wake kwa uzi mmoja wa kitambaa kisichoacha manyoya, nikakilowesha spiriti na kukikamua, nikaufuta uso wa kipande kwa kukizungusha taratibu, nikabadilisha uzi mara tatu mpaka wa mwisho ukatoka mweupe. Niliacha nusu saa pakauke. Kisha nikarudia kila kitu, tone, karatasi, alama, hesabu, utepe, na safari hii sikugusa mpaka Jumapili asubuhi.

Nilivuta kwa kunyoosha, bila kuzungusha, kwa vidole viwili, nikiwa nimekilaza kiganja cha mkono wa pili kwenye ubavu wa kompyuta ili isije nayo. Kwanza hakuna kilichotokea. Niliongeza nguvu kidogo, kijiti kikaanza kupinda kwa mbali, nikadhani sasa kinavunjika, na ndipo nilipoihisi kabla ya kuisikia: tik. Yule kijiko alikuwa ameachia shingo. Kipande kiliteleza chote, kikaning'inia mwishoni mwa kijiti, milimita 7 za shaba zenye mstari mmoja mweusi kiunoni, urefu kama wa punje ya mchele.

Nilimulika ndani. Vijiko vilikuwa vimesimama mahali pake, kuta hazikuwa na gundi. Nilipowasha kompyuta, kabla sijachomeka chochote, spika zilipiga mlio wa kuamka ambao nilikuwa sijausikia tangu Jumanne. Nilijaribu hedifoni za simu za mdogo wangu: upande wa kushoto ulisikika, wa kulia ulisikika, ila nilipoutikisa waya upande wa kulia ulikwaruza kwa sekunde moja kabla ya kutulia. Nadhani huo ni ukumbusho wa kibano changu cha usiku wa kwanza. Kuna kijiko nilichokipinda kidogo, na kitabaki hivyo.

Fundi nilimpigia simu kumweleza. Aliuliza kama nilitumia gundi, nikamwambia ndiyo, akanyamaza, kisha akauliza tone lilikuwa kubwa kiasi gani.

Tangu siku hiyo sichomeki tena hedifoni moja kwa moja kwenye kompyuta. Pini iliyonyooka huchomoza karibu sentimita tatu nje ya tundu pamoja na kishikio chake, na urefu huo wote ni wenzo: anayegonga mwisho wake hahitaji nguvu kubwa kuikata ilipo nyembamba. Nimenunua waya mfupi wa kuongezea, wenye pini iliyopinda kama herufi L, ambayo imelala ubavuni mwa kompyuta na haitoki humo, na hedifoni nazichomeka kwenye mwisho wa pili wa waya huo, unaoning'inia huru mezani. Mtu akiunasa sasa, kitakachochomoka ni hedifoni kutoka kwenye waya, na hilo limeshatokea mara mbili, mara zote mbili kwa ndoo ileile. Waya wenyewe umeanza kukatakata sauti upande wa kushoto, kwa hiyo nimeweka mwingine akiba kwenye droo, karibu na kijiti cha meno ambacho bado kina kipande chake mwishoni.